Kilabu na Leseni: Sheria za Pombe Nakuru na Bonde la Ufa

Neno kilabu lina historia inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka. Limetokana na Kiingereza, na katika Nakuru ya walowezi lilihusishwa na majumba kama Rift Valley Sports Club, ambamo mkulima wa Kizungu alikunywa wiski yake, ilhali Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei tu. Katika Kiswahili cha leo neno hilohilo hutaja pia kibanda cha busaa. Wanaisimu hulieleza jambo hili kuwa ni ukopaji na upanuzi wa maana, na basi. Makala haya yanadai kwamba nyuma ya badiliko hilo la maana ipo haki ya kupika, kuuza na kunywa, ambayo kwa zaidi ya karne moja imegawiwa na kunyang'anywa kwa kalamu ya sheria. Ulevi wenyewe, uliotajwa kila mara kuwa sababu, haukuwa kiini cha mambo.

Chanzo cha sheria hizo kiko mbali na Nakuru. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza zuio hilo. Hoja iliyotolewa ilikuwa kumlinda mwenyeji. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, msingi wa mgawanyo ulikuwa umekwisha kuwekwa. Sheria za koloni zilikuja kuukamilisha kwa kumnyima Mwafrika hata bia ya chupa. Alichobakiwa nacho ni kile alichojipikia.

Nacho kilikuwa kingi. Maskwota wa Kikuyu waliohamia mashamba ya Njoro, Subukia na Molo walikuja na ujuzi wa muratina, ambayo huchachushwa kwa tunda kavu la mvungunya lililotiwa katika maji ya miwa au asali. Wakalenjin walikuwa na pombe yao ya asali. Vibarua kutoka magharibi walileta busaa: unga wa mahindi huvundikwa, ukakaangwa juu ya karai pana, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Mlowezi hakuwa na ugomvi wa kidini na vinywaji hivi. Alitaka kibarua aamke alfajiri kukamua ng'ombe, na alitaka mke wa kibarua awepo shambani wakati wa mavuno. Mwanamke aliyeuza pombe Jumamosi alikuwa na fedha ambazo hazikutoka katika mkono wa bwana shamba, na familia yenye fedha kama hizo haikuwa rahisi kuamrishwa. Sheria ya Machifu ya 1937 ilimpa chifu uwezo wa kukataza au kudhibiti upikaji na uuzaji wa pombe za wenyeji. Aliyejua mtungi wa nani ungepasuliwa na wa nani ungefumbiwa macho ni chifu mwenyewe.

Mjini hali ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1908 sheria ya Natal iliupa mji wa Durban nafasi ya kuhodhi upikaji wa pombe ya Waafrika na kutumia faida yake kuendeshea mitaa yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Nairobi iliuiga mfano huo huko Pumwani, na baadaye miji mingine, Nakuru ikiwamo, ikaufuata. Hapo serikali ya mji ikawa mpishi wa pombe. Mwanamke wa Bondeni aliyekamatwa na debe la pombe hakushtakiwa kwa kuuza kitu chenye madhara, kwa kuwa kitu hichohicho kiliuzwa na baraza la mji kwa kipimo na risiti. Kosa lake lilikuwa ushindani. Tena Mwafrika alitakiwa kulipia huduma za mtaa wake kwa kunywa, jambo ambalo hakuna mlipa kodi wa Kizungu aliyewahi kuombwa kulifanya.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waafrika waliruhusiwa kunywa bia ya chupa, ingawa pombe kali ilibaki marufuku kwao kwa miaka kadhaa zaidi. Halafu mambo yakageuka. Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Mau Mau waliwaamuru Waafrika wasusie mabasi, sigara na bia ya Kizungu. Serikali iliyokuwa imemnyima Mwafrika chupa ile kwa miongo kadhaa sasa ikakuona kuikataa kwake kuwa ni uasi.

Uhuru haukulifuta gurudumu hili. Sheria ya pombe za kienyeji ya 1971 iliendeleza vilabu vyenye leseni, lakini Rais Daniel arap Moi, ambaye makazi yake ya Kabarak hayako mbali na Nakuru, alivipiga vita tangu aliposhika madaraka mwaka 1978, na mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe. Lugha ya mitaani ilijibu kwa kumwita muuzaji mama pima. Jina hili linastahili kusomwa kama matini. Mama ni heshima. Pima ni kazi na kipimo, kana kwamba mteja anathibitisha kwamba bibi huyu, asiye na leseni, hapunji. Hati za mashtaka zilimwita mshtakiwa.

Ni katika muktadha huu ambapo Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o husomeka upya. Wahakiki wengi wameishughulikia theng'eta kama ishara ya utamaduni uliochafuliwa, na usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, Ngũgĩ anajua zaidi ya ishara: anajua taratibu za ofisi. Huko Ilmorog, kijiji cha kubuni katika Bonde la Ufa, Nyakinyua ndiye mwenye siri ya kupika. Wanja na Abdulla wanaifanya biashara. Kisha leseni inawaponyoka na kuishia kwa Mzigo. Theng'eta haikatazwi. Inaendelea kutiririka, sasa kutoka kiwandani, na wakurugenzi wake ndio wanaouawa katika fumbo linaloifungua riwaya.

Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na hoja ya afya ikapata uzito ambao haikuwahi kuwa nao. Sheria ya 2010, iliyoasisiwa na John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, ilifunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa juma; zote zilitakiwa kufungwa saa tano usiku. Umma uliyakumbuka masaa. Jambo zito zaidi lilikuwa jingine: sheria hiyohiyo ilifuta marufuku ya chang'aa, mradi itengenezwe kwa viwango vilivyowekwa, ifungwe kwenye chupa na iuzwe kwa leseni. Katiba ya mwaka huohuo ilizikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni hizo. Mama pima aliyetaka kuhalalika alihitaji sasa jengo lililokaguliwa, mtambo, chupa na ada ya kaunti.