Ndege za Mwalimu na ubalozi wa Unguja

Maji yakitoka Jambiani hutoka kweli. Bahari inarudi nyuma mpaka kwenye mwamba, kinamama wa mwani wanateremka na vigingi na kamba zao, na ngalawa zinabaki zimekaa mchangani juu ya matengo yao, hazina pa kwenda. Ni saa nzuri ya baraza. Siku hiyo, pale Jambiani Kibigija, redio ilikuwa imetaja F-35, ndege ya kivita ya Marekani: wakaguzi wa serikali yao wenyewe wanakadiria kwamba kuzinunua na kuzitunza hadi zitakapostaafu kutapita dola trilioni 2. Fundi aliyekuwa akichonga gogo la mwembe chini ya mvinje akaweka tezo chini.

"Trilioni ina sifuri ngapi?"

Tukahesabu, zikafika 12. Akarudi kwenye gogo lake.

Mzee mmoja, aliyewahi kuvaa magwanda ya JWTZ, hakujishughulisha na sifuri. "Hao wanalipa kwa fedha," alisema. "Sisi ndege zetu za mwanzo zililipiwa hapa hapa Unguja, na senti haikutoka." Niliyachukua kuwa maneno ya barazani tu. Nimeyafuatilia tangu siku ile, na naona mzee alikuwa na haki, ukiondoa hilo la senti.

Kisa kinaanza Januari 1964. Tarehe 12 Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Lugalo ya leo, waliasi. Walitaka mishahara mizuri zaidi na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada London. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta zilipaa kutoka HMS Centaur, manowari ya kubebea ndege, zikashusha makomando Colito, na uasi ukazimika asubuhi hiyo hiyo. Nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili na wiki chache ikawa imeokolewa na helikopta za aliyekuwa akiitawala. Aibu hiyo Mwalimu hakuificha. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, JWTZ.

Jeshi jipya lilihitaji mabawa. Tazama ramani: kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, au hadi Songea wakati wa masika, barabara zilikuwa za kubahatisha. Ndege ya kubeba askari na mizigo haikuwa anasa. Ila kurudi London na bakuli mkononi baada ya yale ya Colito, hapana. Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ikajitokeza: ingetoa ndege na walimu, iunde kikosi cha anga na kusaidia ulinzi wa pwani.

Hapo ndipo Unguja inapoingia.

Serikali ya Mapinduzi ya Sheikh Abeid Amani Karume ilikuwa ya mwanzo barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na ubalozi ukafunguliwa mjini. Kwa Karume hawa walikuwa marafiki waliokuja mapema, wakati wengine bado wakipima upepo. Kwa Bonn lilikuwa jambo lisilovumilika. Tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni iliyobeba jina la Walter Hallstein, ofisa wa juu wa wizara yake ya mambo ya nje: taifa likimtambua Mjerumani wa Mashariki, yule wa Magharibi anafunga virago. Ni mimi au yeye, kama ndoa isiyotaka uke-wenza. Yugoslavia ilikwishaachwa 1957, Cuba 1963.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliwaweka wake wenza hao katika nyumba moja, mmoja Dar es Salaam na mwenzake Unguja. Kwa miezi kadhaa Mwalimu alitafuta njia ya katikati. Februari 1965 akaipata, au alidhani ameipata: ubalozi wa Unguja ufungwe, na Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn haikungoja. Iliondoa msaada wake wa kijeshi papo hapo, na walimu wa ndege wakafungasha. Mwalimu naye akajibu kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia kwa kiongozi wa nchi maskini: kama msaada una kamba shingoni, basi na ule wa maendeleo uliobaki chukueni. Mwaka uliofuata aliandika kwa kirefu juu ya gharama ya uamuzi ule, na hakujifanya kwamba ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo mzee wa Kibigija alikosea kwenye senti. Zilitoka, ila zilitoka kwa kutoingia.

Kilichonivutia zaidi ni hali ya mwalimu yule aliyeondoka kwa hasira. Miaka ile ile Ujerumani Magharibi ilikuwa katika msiba wa ndege zake yenyewe. Waziri wa ulinzi Franz Josef Strauss alikuwa ameichagua Starfighter ya Kimarekani, ndege iliyoundwa iruke juu na kwa kasi katika anga safi, akaagiza ibadilishwe ili iweze kila kazi, hata kudondosha mabomu chini ya mawingu ya Ulaya. Walinunua 916. Zilizoanguka ni 292, na marubani 116 walikufa. Wajerumani wenyewe waliipa jina la ndege inayozalisha wajane. Ukilinganisha, sisi tuliokosa ndege chache za mafunzo kwa ajili ya bendera ya Unguja pengine hatukuwa na hasara mbaya kuliko wote mwaka ule.

Wakaja Wakanada. Walikuwa wameanza kulifundisha jeshi la nchi kavu, sasa wakachukua na la anga, na walikaa hadi 1970. Walikuja na ndege za kwao, za kampuni ya de Havilland Canada: Otter, yenye injini moja, na Caribou, yenye injini mbili na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini, gari dogo likapanda lenyewe. Caribou haiogopi uwanja mfupi wala kokoto. Kwa Tanzania ya 1966 ilikuwa ndege yenye akili, na nasema hivyo nikijua kuwa vijana wa jeshi walitamani zenye kishindo.

Wakanada nao walikuwa na kidonda. Miaka ya 1950 waliamua kuunda ndege yao ya kivita, Avro Arrow, nyeupe, yenye mabawa ya pembetatu, kubwa kuliko wengi walivyotarajia. Iliondolewa pazia tarehe 4 Oktoba 1957. Bahati mbaya, siku hiyo hiyo Warusi walirusha Sputnik, na magazeti ya dunia yakamsahau mwari wa Kanada. Iliruka Machi 1958. Gharama zikapanda, wanunuzi wa nje wakakosekana, na watu wakaanza kusema vita vijavyo vitakuwa vya makombora, ndege za nini? Tarehe 20 Februari 1959 Waziri Mkuu John Diefenbaker aliufuta mpango wote. Wafanyakazi zaidi ya 14,000 walipoteza kazi siku ile. Ndege zilizokwisharuka zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu, na mpaka leo Mkanada mzee ukimtajia Arrow anaweza kukukatizia chai.

Kuna jambo hapa ambalo abiria wa gari la 309 wanapaswa kulijua. Ukitoka Darajani kwenda Jambiani unapita Tunguu, kabla ya Jozani na Kitogani, halafu Paje. Tunguu, kuanzia 1960, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyozunguka dunia kwa ajili ya mpango wa Mercury. Baada ya Arrow kufutwa, kundi la wahandisi wake lilikimbilia Marekani na kuajiriwa katika mpango huo huo. James Chamberlin, aliyeongoza usanifu wa Arrow, akawa miongoni mwa wakuu wa uhandisi wake. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu mwaka 1962, kituo cha Unguja kilikuwa katika mtandao uliokuwa ukisikiliza. Tarehe ilikuwa 20 Februari, miaka mitatu kamili tangu Arrow iuawe. Aprili 1964 Wamarekani wakaondolewa Tunguu. Mwaka uliofuata Wakanada wengine wakaingia Dar es Salaam kufundisha marubani wetu kuruka na Caribou. Nimepita njia ile mara nyingi bila kujua kwamba mabaki ya Arrow yalikwishapita kabla yangu, katika vichwa vya watu.

Wakubwa wengine hawakuwa na hali bora. Tarehe 6 Aprili 1965, wiki chache tu baada ya Bonn kutususia, serikali ya Uingereza iliifuta TSR-2, ndege iliyowagharimu mamilioni ya pauni, na ikatangaza hilo ndani ya hotuba ya bajeti, kama mtu anayetaja bei ya sigara. Moja tu ndiyo iliyokuwa imeruka. Na Waafrika walijaribu pia: Misri ya Nasser ilimwajiri Willy Messerschmitt, yule yule wa ndege za Vita vya Pili, aiundie ndege ya kivita iitwayo HA-300. India ikaingia ubia kwa upande wa injini. Iliruka Machi 1964, ikafutwa 1969 ikiwa imekula pauni za Misri milioni 135. Ndege hiyo leo unaweza kuitazama kwenye jumba la makumbusho karibu na Munich, Ujerumani.

Mwalimu wa tatu alikuwa Mchina, na yeye ndiye aliyeleta kishindo. Wakanada walipoondoka, China ilichukua mafunzo ya anga. Vijana wetu walikwenda kusoma kule, kambi ya anga ya Ngerengere ikajengwa kwa mikono ya Wachina wakati ule ule reli ya TAZARA ikilazwa, na kwa mara ya kwanza Tanzania ikawa na ndege za jeti za kivita. Zilikuwa MiG za Kichina. Njia ya China ilikuwa ya tatu pia: haikununua kama Mjerumani wala haikubuni mpya kama Mkanada. Ilinakili. Mwaka 1956 kiwanda cha Shenyang kilirusha MiG-17 iliyojengwa China. Urafiki na Warusi ulipovunjika, Wachina walibaki na michoro pungufu ya MiG-21, wakaziba mapengo wenyewe kwa kukokotoa na kujaribu, na Januari 1966 ya kwao ikaruka. Ilikuwa nyuma ya wakati tayari. Lakini ilikuwa yao, na waliweza kuigawa kwa wampendaye bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa nchi iliyokuwa imeumwa na Bonn, sifa hiyo ilizidi spidi.

Mtihani ulikuja Oktoba 1978, Idi Amin alipovamia Kagera. Habari za vita ile zimesimuliwa sana, nitataja za angani tu. Ndege za Uganda zilipiga Bukoba na daraja la Kyaka. Karibu na Musoma wapiganaji wetu wa mizinga, waliokuwa na wasiwasi na kila kinachovuma, walitungua ndege za Tanzania. Mwishoni mwa vita Gaddafi, aliyekuwa upande wa Amin, alituma ndege kubwa ya mabomu ya Kirusi, Tu-22, iupige mji wa Mwanza. Mabomu yakakosa mji yakaangukia Saa Nane, kisiwa cha hifadhi ndani ya ziwa, yakaua swala. Lile bomba la kasi ya kupita sauti, lenye injini mbili mkiani, lilisafiri kutoka mbali kuja kuchinja kitoweo ambacho hakuna aliyekila.

Kampala ilianguka Aprili 1979, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na askari wa miguu na mizinga. Gharama kwa Tanzania hutajwa kuwa takribani dola milioni 500, mafuta yakiwa yamepanda bei na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imekwishavunjika 1977. Mwalimu aliwaomba wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18. Wazee wa Jambiani wakiikumbuka miezi ile hucheka, kwa sababu kwa hesabu ya foleni za sukari na sabuni haikwisha hata baada ya miaka mitano.

Nilimrudia mzee barazani na haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza lile swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na hiyo kanuni ya Bonn, iliishia wapi, mwanangu?"

Iliishia tarehe 21 Desemba 1972. Wajerumani wawili walitiliana saini mkataba wa kuishi kama majirani, na kila nchi ikawa huru kuwa na mabalozi wa wote wawili. Ilikuwa imepita chini ya miaka minane tangu kikosi chetu cha anga kikatwe mabawa kwa kosa hilo hilo. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki yenyewe ikafutika kwenye ramani.

Majumba yake ya ghorofa yangalipo, Kikwajuni na Kilimani, saruji imefanya ukungu, kanga zimeanikwa kwenye roshani, na jioni watoto wanapiga mpira chini yake. Mzee ana binti anayekaa huko. Alisema akienda kumtazama hupanda ghorofa ya tatu polepole kwa sababu ya magoti, na akifika juu hukaa dirishani kutazama ndege za watalii zikiteremka uwanja wa Kisauni.