Hodi ya Mbali: Historia ya Kuiunganisha Mpanda na Mafundi Wasioonekana

Neno simu, ambalo leo kila mtu hulitumia kwa maana ya chombo cha kusemea, asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo maana yake ni fedha, na tena uzi wa madini, yaani waya. Yafaa maana hiyo ikumbukwe na kila atakaye kufahamu jinsi nchi ya Mpanda ilivyounganishwa na miji iliyo mbali nayo. Kwani katika kila zama palikuwa na mambo mawili: waya wenyewe, na mwenye mamlaka ya kuruhusu utumike. Waya umebadilika mara nyingi. Swali la ruhusa limebaki vile vile, ila limehama toka mkono mmoja hata mwingine.

Cecil Rhodes alikusudia kupitisha simu ya maandishi toka kusini mwa Afrika hata Misri. Kaskazini ya Abercorn palikuwa na nchi ya Wajerumani, wala waya haukuweza kuvuka mpaka bila ya idhini yao. Mwezi wa Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin akaonana na Kaisari Wilhelm wa Pili, na ruhusa ikapatikana. Nguzo zikasimamishwa mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo sasa ni mikoa ya Rukwa, Katavi na Kigoma, zikakoma Ujiji. Misri hazikufika. Hapo ruhusa ilikuwa ni jambo la wafalme. Wenyeji ambao waya ulipita mbele ya nyumba zao hawakuwa na neno katika mapatano hayo.

Mji wa Mpanda wenyewe ulitolewa katika upweke na reli. Njia ya kilomita 210 toka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki. Hata hivyo, toka Mpanda hata Dar es Salaam kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,100. Na kwa muda mrefu mtambo ukiharibika, hapakuwa na budi ila kumngojea fundi aje kwa gari moshi, au kumweleza shida kwa simu.

Na simu nayo ilikuwa na mlango wake. Katika vituo vya zamani alikaa opereta, ambaye kazi yake ilikuwa kutia waya wa apigaye katika tundu la apigiwaye. Yeye ndiye aliyejua nani anamtaka nani, na mara nyingi ndiye aliyeuliza kwanza kama mwenyewe yuko tayari. Almon Strowger, mzishi wa Kansas City nchini Marekani, ndiye aliyemwondoa. Mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu pasipo mtu, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Husimuliwa kwamba alichoshwa na opereta aliyekuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake. Faida ilikuwa kubwa, nayo ni upesi na siri. Lakini hodi haikupotea: kengele ilishika mahali pa opereta, na mwenye nyumba alibaki na hiari ya kuitika au kunyamaza.

Safari ya kompyuta imefanana na hiyo. Mwaka 1998 maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, iliwatolea watu wote programu ya kuiona na kuiendesha kompyuta iliyo mbali. Programu hiyo hupeleka kwa fundi zile sehemu za skrini zilizobadilika tu, na fundi hurudisha mibofyo ya kipanya na herufi za kibodi; kwa hiyo hata waya mwembamba huweza kuitumikia. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009. Na mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipoundwa na Mpanda kuwa makao yake, ofisi mpya zikahitaji kompyuta, na kompyuta zikahitaji mafundi.

Mwanzo wa kazi ya dawati la msaada fundi mwenyewe ndiye opereta. Karani hupiga simu. Fundi humwuliza namba ya mashine yake, huinakili, huandika neno la siri, hukosea tarakimu moja, huanza tena. Kazi hiyo sasa huweza kuachiwa programu. Jina la mashine husomwa katika ombi lililoandikwa, fundi hutambuliwa kwa jina lake mwenyewe, njia hufunguka kwa mbofyo mmoja, na saa ya kuingia na kutoka huandikwa daftarini. Dakika nyingi huokolewa, na makosa ya kunakili huondoka.

Lakini programu hiyo yaweza kupangwa kwa namna mbili: ingoje jibu la karani, au iingie bila ya kungoja. Hapa ndipo penye hatari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta bila ya haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za watu zilizomo. Lakini sheria haiwezi kumlinda karani aliyebonyeza kitufe asichokielewa. Dirisha la kuomba ruhusa likiandikwa kwa Kiingereza, kukubali kwake ni desturi tu, si idhini.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Na katika adabu ya Waswahili, mgeni hubisha hodi mara tatu; asipoitikiwa, huenda zake. Mtambo waweza kufundishwa adabu hiyo: ubishe hodi, utaje jina la fundi na haja yake kwa lugha ya mwenye nyumba, na ukikosa jibu, urudi. Opereta ameondoka, na hapana haja ya kumrudisha. Kinachohitajiwa ni kwamba swali alilokuwa akiliuliza lisiondoke pamoja naye.