Kaunti Huanzia Parokiani

Chama cha michezo ya jadi ya Waayalandi, GAA, kiliasisiwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, naye Askofu Mkuu Thomas Croke akawa mlezi wake. Klabu za kandanda ya Kigaeli kwa kawaida zilifuata mipaka ya parokia. Katika michuano ya kwanza ya taifa, mwaka 1887, kaunti iliwakilishwa na klabu bingwa yake pekee. Mwaka 1892 bingwa huyo akaruhusiwa kuwaita wachezaji wa klabu nyingine za kaunti, wapinzani wake wa jana. Hadi leo hawalipwi mshahara, na kila mmoja hurudi kuichezea klabu yake. Jimbo nalo haliimariki parokia zikinyimana vipaji.