Majira Matatu ya Baridi Bila Kurudisha Saa Nyuma

Februari 18, 1968, Waingereza walisogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama walivyozoea kila mwaka baridi inapoanza kulegea. Oktoba ikafika, mwezi wa kuzirudisha nyuma, na hawakuzirudisha. Serikali ilikuwa imeamua kufanya jaribio: nchi ikae saa moja mbele mwaka mzima, iende sawa na majirani wa Ulaya Magharibi, na jioni za baridi zipate mwanga.

Msomaji wa Mombasa au Tanga ataona mchezo. Kwetu jua halipishani sana na saa yake, iwe Januari au Julai, na saa zenyewe twazihesabu kwa kulitazama. Uingereza ya Desemba ni habari nyingine. Mchana wa London haufiki saa 8, na kaskazini mwa Uskoti ni saa 6 na ushei. Mwanga ni huo huo kidogo, kama shuka fupi: ukijifunika miguu, kichwa kinabaki nje. Mjini Glasgow jua likawa linachomoza saa 3:47 asubuhi, watoto wameshaketi darasani.

Watoto hao walipewa vitambaa vya kuvaa mkononi, vinavyong'aa vikipigwa na taa za gari. Wakulima walinung'unika, mafundi ujenzi nao, maana kazi yao huanza alfajiri na barafu ya alfajiri haiyeyuki gizani. Wapeleka barua na wauza maziwa wa nyumba kwa nyumba hawakuwa na la kushukuru.

Ajali za asubuhi ziliongezeka kweli. Za jioni zikapungua, tena kwa kiasi kikubwa zaidi, na sababu si ya kutafuta mbali: jioni ndipo barabara hujaa, madereva wamechoka, watoto wametoka shule na wanazurura badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Waliochambua takwimu baadaye walikadiria kwamba katika majira mawili ya kwanza ya baridi, waliouawa au kujeruhiwa vibaya barabarani walipungua kwa watu 2,500 hivi.

Lakini nani angewaona hao? Mtoto aliyegongwa saa 2 asubuhi ana jina, ana dawati tupu, ana mama anayelia. Aliyevuka salama saa 11 jioni kwa kuwa dereva alimwona hajui kama kuna kifo kilichompita. Alifika nyumbani, akanywa chai.

Haki isemwe pia kwa wenye shaka. Oktoba 1967, miezi michache tu kabla ya jaribio, polisi wa Uingereza walianza kuwapima madereva pumzi kubaini ulevi. Jioni na usiku ndio wakati wa walevi. Nafuu ile ililetwa na jua kwa kiasi gani, na kipimo kwa kiasi gani? Mabishano hayo yalidumu miaka mingi.

Wabunge hawakuyangoja. Desemba 2, 1970, kura 366 dhidi ya 81 zililikataa jaribio. Jumapili ya Oktoba 31, 1971, saa zikarudi nyuma.

Marekani ilipita njia ile ile mbio mbio. Mafuta yalipoadimika, Rais Nixon aliidhinisha saa za mbele kwa majira yote, kuanzia Januari 6, 1974. Wiki chache baadaye watoto wa Florida walikuwa wakigongwa wakielekea shule gizani, na kabla mwaka haujaisha Bunge likabadili sheria.

Uingereza hoja haikuzikwa. Wanaharakati wa usalama barabarani waliibeba miaka yote hiyo, wakiwa na ile hesabu ya 2,500 mkononi, na Januari 2012 muswada mwingine wa kusogeza saa ulijadiliwa bungeni. Wapinzani wake wakazungumza, wakazungumza, hadi muda wa mjadala ukaisha.