Hi-Res nyumbani: unalipia sauti au unalipia namba?

Mpwa wangu alinikuta barazani baada ya Alasiri, kahawa mkononi, taarabu ikilia taratibu kwenye kispika changu kidogo cha Bluetooth. Akaamkia, akakaa, akasikiliza kidogo. Halafu akasema: "Mjomba, samahani, lakini hiyo sauti unayoisikiliza imekatwakatwa. Huu muziki hujawahi kuusikia bado."

Akanionyesha simu yake. Kando ya jina la wimbo kulikuwa na chapa ya Hi-Res, chini yake imeandikwa 24 na 192. Akanishauri nihamie kifurushi kama chake, kisha ninunue kidude cha kugeuza namba kuwa sauti, kwa bei ambayo ingevalisha wanangu watatu sare za shule na chenji ikabaki. Sikumjibu siku ile. Lakini swali hili nimeulizwa na wengi, msikitini na hata kwenye matanga, kwa hivyo nimelikalia mwezi mzima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na zile namba. Sauti ni wimbi, na kompyuta haiwezi kuweka wimbi. Inachoweza ni kupima kimo chake mara nyingi kwa sekunde na kuandika vipimo hivyo. Sony na Philips walipoleta CD sokoni mwaka 1982, walichagua kupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kuandikwa kwa biti 16. Namba ya 192 katika simu ya mpwa wangu maana yake ni vipimo 192,000 kwa sekunde, na 24 ni idadi ya biti.

Mtu akisikia hivyo hudhani, na mimi pia nilidhani, kwamba baina ya kipimo na kipimo kuna mapengo, na vipimo vikizidi mapengo yanazibika. Sivyo. Kanuni iliyojengwa juu ya kazi ya Harry Nyquist na ikathibitishwa na Claude Shannon mwaka 1949 inasema hivi: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, wimbi lote hadi hapo linarudi kama lilivyokuwa, bila pengo. Sikio la binadamu mzima wa afya hukomea kama hezi 20,000. Mara mbili yake ni 40,000, na CD iko juu ya hapo. Vipimo vinavyozidi vinabeba sauti ambazo huenda popo akazifurahia.

Na hiyo 20,000 ni ya vijana. Nilipakua programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, nikaanza kupandisha. Kufika 14,000 nikamwambia mkewangu spika imezimika. Binti yangu wa miaka kumi na miwili akatoka chumbani ameziba masikio: "Baba, zima hiyo kitu!" Basi nikajua umri umenifikia.

Biti nazo hupima umbali baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kila biti moja ni kama desibeli 6, kwa hivyo biti 16 zinatupa 96, na biti 24 zinatupa 144. Sasa twende nyumbani kwako. Chumba kilichotulia usiku kina kama desibeli 30 za kelele yake mwenyewe. Hapa kwetu ongeza feni, kwa sababu nani atazima feni mwezi wa Machi? Ongeza bodaboda na jirani anayezungumza na simu kana kwamba yule wa upande wa pili yuko ng'ambo ya kivuko. Ili usikie desibeli zote 96 za CD juu ya kelele ile ya usiku wa manane tu, ungelazimika kufungulia hadi 126, kiwango cha kuumiza masikio. Biti zinazozidi hapo hazina pa kukaa nyumbani kwako.

Hii si hesabu ya karatasini peke yake. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Waliwasikilizisha watu muziki wa hali ya juu, halafu muziki uleule ukipitishwa katika kiwango cha CD, bila kuwaambia upi ni upi. Majaribio yalizidi mia tano, na waliopatia walikuwa karibu nusu, sawa na kurusha shilingi. Upande wa pili nao usikilizwe: mwaka 2016 Joshua Reiss, wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, alikusanya majaribio ya watafiti mbalimbali, zaidi ya 12,000 kwa jumla, akaona kwamba watu hupatia kwa asilimia 52.3. Kwa hivyo kipo kitu kidogo, na waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Lakini asilimia 52 kwa wastani, katika majaribio ya watafiti, si kitu cha kumtolea mtu sare za watoto wake.

Yako mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya, na wauzaji hawana haraka ya kuyatenganisha. Hi-Res ni kuzidisha juu ya CD. Kubana sauti kama MP3 ni kupunguza chini ya CD. Hilo la pili laweza kusikika, ikiwa kubana kumezidi.

CD haikubanwa, inatumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 na nduguze hutupa zile sauti ambazo sikio halingezipata kwa sababu zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi. Kwa kilobiti 320, kazi hiyo hufanywa kwa adabu. Kwa 128, aliyebana analazimika kutupa na vitu vinavyosikika. Nilichukua wimbo mmoja wa taarabu kutoka CD yangu, nikautengeneza kwa viwango hivyo viwili, mkewangu akawa ananibadilishia bila mimi kuona, mara 16 kwa kila jozi. Mtu akipatia 12 au zaidi katika 16, ni vigumu kusema amebahatisha. CD dhidi ya 320: nilipatia 9. CD dhidi ya 128: nilipatia 13.

Kilichonisaidia kwenye 128 ni tashkota. Chombo kile hupigwa kwa nukta kali, kila nukta inaanza ghafla, na MP3 iliyobanwa sana hupata taabu na mwanzo wa ghafla; ule ukali unalegea, kama mtu anayepiga na glavu mkononi. Makofi na marwasi vilevile. Sauti ya mwimbaji peke yake sikuitofautisha hata mara moja. Kwa hivyo mwenye kusikiliza taarabu ya Mombasa ana sababu ya kukataa 128 kuliko mwenye kusikiliza hotuba, na ajue kwamba YouTube, ambako wengi wetu tunasikilizia, sauti yake kwa kawaida iko baina ya 128 na 160. Hata hivyo mitambo ya kubana inayotumiwa huko ni ya kisasa kuliko MP3, kwa hivyo hasara si kubwa kama namba inavyotisha.

Mwenye data ya kununua atazame na hili. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 320 ni kama megabaiti 144. Kwa kiwango cha CD ndani ya faili ya FLAC, inayokunja sauti bila kupoteza hata chembe, ni kama 350 hadi 400. Kwa 24 na 192 mara nyingi utapita gigabaiti 2. Mwenye waifai ya mwezi hatajali. Wa vifurushi vya siku, bando litakwisha kabla ya bibi harusi kutoka.

Nilipomrudia mpwa wangu na hesabu hizi, nilimwuliza anasikilizia nini hiyo Hi-Res yake. Akanionyesha hedifoni zake, nzuri kweli, zisizo na waya. Nikacheka mpaka kahawa ikamwagika. Bluetooth ya kawaida haina upana wa kubeba hata CD nzima. LDAC ya Sony, ambayo ni katika njia pana zilizozoeleka, hukomea kilobiti 990, na hedifoni nyingi hutumia njia nyembamba zaidi ya hiyo. Apple ilipoleta muziki usiopoteza kitu mwaka 2021, yenyewe ilisema kwamba AirPods hazitaupokea kwa Bluetooth. Kwa hivyo simu ilikuwa inapakua faili kubwa, inaibana upya, ndipo inairusha masikioni. Chapa imebaki kwenye kioo, data imekwenda.

Soko lenyewe nalo linapunguza makeke. Apple haikutoza zaidi kwa huduma hiyo. Tidal iliwahi kuuza muundo ulioitwa MQA kama sauti ya daraja la juu kabisa. Kampuni iliyoumiliki ikaanguka kifedha mwaka 2023, na Tidal ikauacha mwaka uliofuata. Spotify, iliyokaa miaka mingi na 320 kama kikomo, ilileta sauti isiyobanwa kwa kupoteza mwaka 2025, ikaishia 24 na 44.1. Aliyekwisha kuwa na huduma ya namna hiyo bila nyongeza, na ana waifai, aiwashe tu, haidhuru. Mimi naiacha 320.

Pesa za kile kidude zipeleke kwenye spika. Spika mbili za kawaida zilizotumika, zenye mbao nzuri, ziwekwe mbali na pembe za ukuta, na mkeka mzito au busati lishuke sakafuni. Nyumba zetu za mawe na saruji zinarudisha sauti kama birika tupu. Pazia nene litakufanyia kazi ambayo biti elfu haziwezi. Na ukienda dukani ukaonyeshwa mitambo miwili, hakikisha imefunguliwa sauti sawasawa. Ule unaolia juu kidogo tu utauona bora, na muuzaji analijua hilo.

Sasa nifike mahali ambapo namba hizi nazitaka kweli, na nazitaka zote.

Marehemu khalati yangu alikuwa na kanda kumi na moja za harusi za ukoo wetu, zilizorekodiwa uani miaka ya themanini. Ndani yake kuna vugo, kuna bibi yangu akiitikia, kuna watu ambao hatuna hata picha zao. Unyevu wa pwani ulikuwa umeanza kuzila. Mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Miaka michache iliyopita tukazipeleka kwenye duka moja mjini zigeuzwe za dijitali. Mwenye duka alitutoza bei ya juu akasema atatufanyia Hi-Res. Tukarudishiwa flashi. Kanda hatukurudishiwa, tulipouliza tukaambiwa zilikuwa zimeharibika, zimetupwa.

Mwezi huu, nikiwa katika kazi hii, nilizifungua faili zile kwa Audacity, programu ya bure, nikatazama picha ya sauti. Faili zimeandikwa 24 na 96, ni kubwa ajabu. Lakini kwenye picha, kila kitu kilicho juu ya hezi 11,000 kimekatwa kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Kanda haikati hivyo. Hata mvumo wake wenyewe hupanda juu na kufifia polepole. Mstari ule ni alama ya MP3 iliyobanwa mno, baadaye ikamiminwa ndani ya faili kubwa. Walirekodi kwa upesi na kwa nafasi ndogo, kisha wakabandika chapa. Kilichokatwa pale hakirudi kwa muundo wowote, na kanda hazipo.

Kanda ya kaseti yenyewe, hata nzuri, haifiki ubora wa CD. Lakini anayeihamisha anahitaji nafasi ya ziada ya kusafisha mvumo na kusawazisha bila kuharibu, na hajui mashine za kesho zitaweza kutoa nini ndani yake. Ndiyo maana IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinataka kisipungue biti 24 na kilohezi 48 kwa kazi ya kuhifadhi, na 96 ni bora. Hapo Hi-Res ina haki yake. Kwa hivyo ukipeleka kanda, kichwa cha deki kisafishwe kwa spiriti na kirekebishwe kilingane na kanda yako, urekodiwe WAV ya 24 na 96, na faili uipokee ilivyo, haijapita MP3. Nakala ya kuwagawia jamaa, MP3 inatosha. Mtu asiweke simu mbele ya redio akatuma sauti ya WhatsApp akasema amehifadhi. Na kanda yenyewe rudi nayo nyumbani, hata ikiwa imekatika, iliyokatika huungwa.

Wiki jana binamu yangu wa Lamu alinipigia simu. Ndani ya kasha la mama yake pana kanda moja zaidi, upande wa pili umeandikwa kwa kalamu jina la bibi na "uani, usiku". Nimemwambia asiipige kwenye deki yoyote na asiiweke juani. Ijumaa baada ya sala napanda basi kuifuata mwenyewe.