Mnyoo wa Maabara na Kidonge cha Nassa: Afrika Mashariki katika Historia ya Utafiti wa Seli Shina

Historia ya utafiti wa seli shina katika minyoo ya mviringo huandikwa kana kwamba ilianzia na kuishia Cambridge. Ni kweli kwamba mwaka 1981 Judith Kimble na John White walieleza jinsi walivyounguza kwa leza seli iliyo kwenye ncha ya tezi ya uzazi ya Caenorhabditis elegans, mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi. Seli za uzazi zilizokuwa zikijizidisha karibu nayo ziliacha kufanya hivyo, zikaingia katika mgawanyiko wa kuunda mbegu na mayai. Ilidhihirika kwamba seli shina hubaki shina kwa amri ya jirani yake.

Hata hivyo, mnyoo huyo si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Dolgin, Félix na Cutter walichapisha uchambuzi wa minyoo iliyokusanywa Kenya na Afrika Kusini, wakauita “Hakuna Nematoda”. Kiswahili kilipata nafasi ya mzaha katika kichwa cha makala. Ndani yake hakikupewa kazi.

Kwa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, suala hili si mzaha. Albendazoli, ambayo wanafunzi wa Kanda ya Ziwa humezeshwa dhidi ya safura na minyoo mingine ya tumbo, hushambulia tubulini, protini ya nyuzi zinazotenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Mwaka 1989 Monica Driscoll na wenzake walionesha, kwa mnyoo yuleyule wa maabara, kuwa kasoro katika jeni moja ya tubulini huleta ustahimilivu dhidi ya dawa za kundi hilo. Usugu wa aina hiyo ukizuka Nassa, mwalimu anayegawa vidonge atapaswa kuelezwa, kwa Kiswahili, kwa nini dozi ileile haifanyi kazi tena.