Taa za Novemba, Mbuzi wa Desemba: Sikukuu na Hamu ya Nyumbani katika Familia za Kitanzania Ujerumani

Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akapata jina la ugonjwa: nostalgia. Wagonjwa aliowaeleza walikuwa watu waliokaa mbali na kwao, na dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa kuwarudisha. Madaktari waliacha zamani kuuhesabu kuwa ugonjwa. Hata hivyo, katika mijadala ya uhamiaji, anayewaza kwao bado huonekana hajazoea, na aliyezoea hutarajiwa awe amesahau. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo kwa mfano wa familia zenye asili ya Kilimanjaro zinazolea watoto Ujerumani.

Katika familia hizi, mila ya ugenini mara nyingi huingia nyumbani ndani ya mkoba wa mtoto. Mwanzoni mwa Novemba mtoto wa chekechea hurudi na taa ya karatasi aliyoitengeneza mwenyewe. Tarehe 11, Siku ya Mtakatifu Martin, watoto hupita mitaani wakiimba, pengine wakitanguliwa na mpanda farasi anayemwakilisha yule askari wa Kirumi aliyekata joho lake akamgawia maskini nusu. Saa 11 jioni giza huwa limeanza kuingia. Mzazi aliyekulia Moshi, ambako jua huzama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, hushika mkono wa mwanawe katika baridi na kujifunza nyimbo ambazo mtoto anazijua tayari. Desemba 5 usiku, viatu vilivyosuguliwa huwekwa mlangoni; asubuhi huwa na karanga, machungwa madogo na chokoleti za Mtakatifu Nikolasi.

Mzazi anayeshiriki haya hajaiacha asili yake. Anachofanya ni kumlea mtoto mahali mtoto alipo.

Tena mila nyingine ya majira haya ina historia ya watoto waliokosa nyumba. Shada la Majilio lenye mishumaa, linaloonekana leo karibu kila mtaa wa Ujerumani, linahusishwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwatunza watoto maskini mjini Hamburg. Inasimuliwa kwamba walimsumbua kwa swali moja kila siku: Krismasi lini? Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa ya Jumapili, ili kila mtoto ahesabu mwenyewe siku zilizobaki.

Kwa Mchaga Mlutheri ugeni huu una undugu ndani yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tuni ya wimbo wa Krismasi "Stille Nacht", iliyoimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818, huimbwa Kilimanjaro kwa Kiswahili. Mama wa Machame akiingia kanisani Leipzig usiku wa Desemba 24, wimbo anaujua. Kinachomshtua ni milango ya nyumba iliyofungwa.

Ujerumani siku hiyo maduka hufungwa mchana, mitaa hunyamaza, na kila familia hujifungia na mti wake na zawadi zake. Kilimanjaro Krismasi ni safari. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, watu hupanda mlimani hadi kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo ambamo babu na bibi wamezikwa. Mbuzi huchinjwa, mtori hupikwa, mbege hunywewa, na jirani haalikwi kwa kadi, anaingia. Pilau na ndizi vyaweza kupikwa Hamburg. Kisichopikika ni kule kuhesabiwa: shangazi kuuliza nani amefika, nani bado.

Pengine mtu atasema kwamba taa na viatu vya mlangoni vitawafanya watoto wasahau kihamba. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa lugha na desturi zisizotumiwa hufifia kweli. Lakini kumbukumbu nayo huhitaji siku yake katika mwaka. Taa ya Novemba humpa mzazi nafasi ya kueleza jua la kwao. Ukimya wa Desemba 24 humfanya asimulie kelele za mlimani. Familia isiyo na sikukuu yoyote ugenini ingekosa hata saa ya kusimulia.

Kule kuhesabiwa nako hakuachwi: fedha za mbuzi hutumwa mapema kwa simu, ili asiyekuwepo awe na sehemu yake katika nyama itakayogawanywa. Saa 12 jioni ya Ujerumani ni saa 2 usiku Moshi. Simu hupigwa, picha hukatikakatika, mtoto hukisogeza kioo karibu na shada ili bibi aione mishumaa minne ikiwaka. Bibi huisifu, huwauliza wajukuu kama wamekula, kisha huuliza lile swali la watoto wa Hamburg: lini? Lake ni la kuja kwao.